Fedha za kufahamiana: shajara ya mradi wa sanaa mashuleni, Kigoma Ujiji

Januari 2024

Tumekubaliana kuanza. Kikundi chetu kina wapiga ngoma, waigizaji, mchoraji mmoja na bibi mfinyanzi ambaye wengi wetu tumemkuta akifinyanga tangu tukiwa wadogo. Tumesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na stakabadhi ziko kwenye faili. Tunataka kufanya kazi na shule tatu za msingi, mbili za Ujiji na moja ya upande wa Kibirizi, ambako watoto wengi wanatoka nyumba zinazokula kwa dagaa na migebuka. Kazi yenyewe ni watoto kusimulia maisha ya Ziwa Tanganyika kama wanavyoyaona wao, kwa ngoma, igizo na michoro ukutani, wakiongozwa na wasanii wa hapa hapa. Hatutaki kwaya ya kumpokea mgeni rasmi. Hiyo shule zinaijua tayari.

Wakati ni mzuri. Mtaala mpya umeanza mwezi huu kwa darasa la kwanza na la tatu, na darasa la tatu sasa lina somo la Sanaa na Michezo. Mwalimu mmoja wa Ujiji alituonyesha kabati lake: muhtasari upo, chaki zipo, na ngoma moja iliyopasuka kiwambo. "Nifundishe mapigo kwa kugonga dawati?" aliuliza. Madawati yenyewe anayalinda.

Swali la kwanza, kama kawaida, ni fedha. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo kuna vifaa vya kufundishia, mitihani, ukarabati na gharama za ofisi. Mwalimu Mkuu akitenga hata kidogo kwa ajili ya ngozi ya ngoma, kuna mlango ambao hautatengenezwa. Simlaumu.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania upo na unasaidia wasanii, lakini unatoa mikopo. Mkopo unamfaa anayerekodi, anayechonga, anayeshona mavazi ya jukwaani, kwa sababu ana kitu cha kuuza arudishe. Mtoto wa darasa la tatu halipi kiingilio. Kazi ya sanaa shuleni haizai marejesho, inahitaji ruzuku. Kwa hiyo tumeandika andiko kwa mfadhili mmoja anayetoa ruzuku ndogo kwa miradi ya jamii.

Februari

Mwezi wa vibali. Barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Afisa Elimu Msingi na Afisa Utamaduni, halafu mtendaji wa kata, halafu ndiyo unafika kwa Mwalimu Mkuu. Wenzangu wamechoka na kuulizwa barua kila mlango. Mimi nauunga mkono utaratibu huu. Mtu asipewe watoto wa watu kwa sababu tu ameshika ngoma. Tumejiwekea na masharti yetu juu ya hayo: msanii habaki peke yake na watoto, mwalimu anakuwepo kila kipindi, na picha ya mtoto haipigwi bila mzazi kuridhia.

Tulipokaa na kamati ya shule ya Kibirizi ndipo nilipoelewa kwa nini miradi mingi ya namna hii inaanguka. Tulikwenda na ratiba: kila Jumatano na Ijumaa saa tisa alasiri. Mzee mmoja wa kamati, mvuvi, akaitazama akasema, "Hii haikuuliza mwezi."

Akatueleza, na ninaandika hapa kwa sababu mfadhili yeyote anayetaka kufanya kazi mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, ni lazima alijue hili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, taa zinawakusanya samaki na wavu unajaa. Mbalamwezi ikikua, maji yanang'aa kote, samaki hawaifuati taa, na vyombo vinapumzika ufukweni. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi ina majira yake ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza baba halali nyumbani, mama yuko mwaloni tangu alfajiri kupokea mzigo na kuuanika, na mtoto mkubwa ndiye anayebaki na wadogo. Kipindi cha alasiri siku hizo kinamkuta mtoto huyo amechoka, au hayupo kabisa. Siku za mbalamwezi wazazi wapo, fedha imeshaingia mfukoni, mtoto ana nafasi.

Mjumbe mwingine akakumbusha madrasa. Ujiji watoto wengi wanakwenda chuoni alasiri, na hakuna mzazi atakayekubali ngoma ishindane na Kurani. Wala hatutaki ishindane.

Ratiba mpya ikapangwa na mvuvi, mwalimu na ustadhi wakiwa wamekaa benchi moja. Vipindi vyetu vinakwenda kwa mbalamwezi, Jumamosi asubuhi. Andiko letu lilikuwa na robo za mwaka, kama fomu ilivyotaka. Fomu haina nafasi ya kuandika mwezi mwandamo.

Machi

Ramadhani imeingia. Ngoma zimepumzika. Tumeutumia mwezi kutembelea wazee wakati wa jioni na kusoma walichofanya waliotutangulia.

Haya mambo hayakuanza na wafadhili wa sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakafanya kazi na wanakijiji. Hawakwenda na igizo mkononi. Walikaa, wakasikiliza, wakafanya uchunguzi pamoja na wenyeji, na matatizo yaliyoibuka, mimba za wasichana wa shule yakiwamo, yakageuzwa kuwa ngoma na maigizo ambayo kijiji kiliyacheza na kuyajadili chenyewe. Mwaka 1996 njia hiyo hiyo ikazaa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kusema yanayowakwamisha shuleni, na FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, ikaipeleka nchi nyingine za Afrika. Sisi ni wajukuu wa kazi hiyo, tuijue au tusiijue.

Nimeangalia na wenzetu wa mbali wanavyogharamia. Ireland, Baraza la Sanaa lina mpango wa msanii katika jamii unaosimamiwa na taasisi iitwayo Create. Kilichonigusa ni kwamba una fungu la utafiti na maandalizi peke yake, kabla ya fungu la utekelezaji. Yaani msanii na jamii wanalipiwa kwanza wakutane, waone kama wanaweza kufanya kazi pamoja, ndipo waombe fedha za kazi yenyewe. Uingereza nako kulikuwa na mpango wa Creative Partnerships, ulioanza mwaka 2002 na kuwapeleka wasanii mashuleni kwa kazi za muda mrefu na walimu. Fedha za umma zilipoondolewa mwaka 2011, ukaisha. Mpango mkubwa kiasi hicho, na ulisimama juu ya mguu mmoja.

Haya mawili ndiyo ninayobeba kwenda nayo kwenye mazungumzo na mfadhili: fungu la kufahamiana, na kutotegemea chungu kimoja.

Aprili

Baada ya Idi jibu limekuja. Tumekubaliwa, lakini bajeti imerudi imekatwa. Walichokata: vikao vya kukaa na wazazi na wazee, "kwa kuwa si shughuli", na malipo ya wasanii, "kwa kuwa wasanii ni wanajamii na wanaweza kujitolea". Walichoacha: fulana, bango, siku ya uzinduzi, na mpiga picha.

Niliisoma mara kadhaa ili nipoe kwanza.

Mchapaji wa fulana analipwa bei yake, na hakuna anayemwambia ajitolee kwa kuwa ni mwanajamii. Mpiga ngoma aliyetumia miaka arobaini kuyajua mapigo ya Waha, anayejua lipi ni la harusi na lipi ni la msiba, ndiye anaambiwa atoe bure. Akitoa bure Jumamosi, Jumamosi hiyo hakwenda shambani, na nyumbani kwake wanajua hesabu hiyo. Wasanii wa jamii wamejitolea sana mkoa huu. Ndiyo sababu vijana wanawaona wazee wa ngoma kama watu maskini wasio na cha kurithi.

Tulijibu kwa barua, kwa adabu. Tulipendekeza fulana na bango viondolewe vyote, uzinduzi uunganishwe na onyesho la mwisho, na fedha hiyo irudi kwenye vikao na malipo ya wasanii. Afisa wao alipiga simu. Alikuwa muungwana, akatueleza kwamba kanuni zao haziruhusu kulipia shughuli isiyo na matokeo ya kuonekana. Basi tukakubaliana kuwa vikao vya mwanzo vitazaa daftari la visa: kila mtoto asimulie kisa kimoja cha ziwa, mwalimu akiandike, wasanii na wazazi wakichague pamoja. Daftari linaonekana, linahesabika, linaingia kwenye faili. Vikao vikarudi. Malipo ya wasanii yakarudi karibu yote.

Nawaambia vikundi vingine: msikubali haraka bajeti iliyokatwa, na msiikatae kwa hasira. Mara nyingi aliye upande wa pili wa simu anatafuta namna ya kukusaidia ndani ya kanuni ambazo hakuzitunga yeye.

Maji ya ziwa yamepanda sana msimu huu wa mvua. Njia tuliyozoea kupita kwenda mwaloni iko ndani ya maji.

Mei

Tarehe 15 ziwa limefungwa. Uvuvi umesimama hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, ili samaki wazaliane. Watu wazima wamegawanyika. Wapo wanaosema ilichelewa, kwa sababu wameona dagaa wakipungua mwaka hadi mwaka. Wapo wanaouliza miezi mitatu watoto watakula nini. Wote wawili wana hoja, na watoto wetu wanawasikia wote wawili usiku, kwenye mkeka mmoja.

Daftari la visa limebadilika ghafla. Mwanzoni watoto walisimulia mamba, dhoruba na meli. Sasa wanasimulia baba anayekaa barazani mchana. Msichana mmoja wa darasa la tano alisimulia kwamba sasa baba yake anamsaidia hesabu, na kwamba mama ameacha kununua mkate. Alivisema vyote viwili kwa pumzi moja, bila kuchagua kipi ni kizuri na kipi kibaya. Waigizaji wetu walitazamana. Pale pale tulijua igizo limepata mwanzo.

Mbalamwezi haitusumbui tena, kila siku ni ya mapumziko. Akina baba wanakuja kututazama mazoezini. Wengine tumewapa kazi.

Juni

Wiki ya kuwamba ngoma. Naieleza kwa urefu kwa sababu bila hiyo mtu atadhani tunacheza tu.

Ngozi ya mbuzi ililoweshwa tangu jana yake ndani ya ndoo. Asubuhi mzee wetu aliitoa, akawapa watoto waishike: baridi, nzito, inateleza, ina harufu. Wengine walikimbia, wakarudi. Akawaonyesha upande wa manyoya na upande wa nyama, akawafundisha kuukwangua taratibu kwa kisu kisicho na makali sana, maana ukitoboa hapo umeharibu mbuzi mzima. Kisha ngozi ikatandazwa juu ya mdomo wa mzinga wa ngoma, na hapo kazi ikawa ya watu wengi. Huyu anavuta huku, yule anavuta upande wa pili kabisa, vigingi vinapigwa kwa kukabiliana, ili mvuto uwe sawa. Mtoto mmoja alivuta kwa nguvu kuliko mwenzake na kiwambo kikaenda upande. Mzee hakumgombeza. Aliwaambia wote walegeze, waanze upya, "na mtazamane machoni mnapovuta".

Ngozi inakaushwa kivulini. Juani inapasuka. Siku chache baadaye tulikoka moto wa majani makavu, ngoma ikasogezwa karibu, na mzee akawa anaigonga kwa ncha za vidole huku sauti ikipanda. Aliwauliza watoto waseme lini imefika. Walibishana. Mwalimu wa Sanaa na Michezo alikuwa anaandika kila hatua kwenye andalio lake la somo, na akaniambia kwamba humo kuna sayansi ya darasa la nne, kuna hesabu ya mduara, na kuna somo lake mwenyewe kwa muhula mzima.

Baba mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akaona mapigo ya watoto yanakwenda ovyo. Akaingia katikati, akawapanga mstari, akawapa kamba ya zamani ya wavu, akawafundisha kuvuta kwa pamoja, mikono ikipishana na miili ikilala nyuma kwa wakati mmoja. Mpiga ngoma akamfuata. Mwendo huo ndio umekuwa mwanzo wa onyesho letu.

Julai

Fedha ya awamu ya kwanza imeingia. Imechelewa, tumekuwa tukiishi kwa michango yetu na mawese na mihogo iliyoletwa na wazazi kwa ajili ya watoto siku za mazoezi.

Kizungumkuti cha mwezi ni risiti. Mfadhili anataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila ununuzi. Duka la rangi mjini linatoa. Anayetuuzia ngozi, aliyechonga mizinga na bibi anayechimba udongo wa kufinyangia hawana mashine, na hawatakuwa nayo. Kanuni ikifuatwa kama ilivyo, fedha yote itaishia dukani mjini na hakuna shilingi itakayomfikia fundi wa kijadi. Tumekubaliana na mfadhili kutumia hati ya malipo: jina la aliyelipwa, kazi, kiasi, sahihi au dole gumba, na mtendaji wa mtaa kama shahidi. Inachukua muda, lakini imeandikwa kwenye mkataba sasa, na wengine watakaopewa ruzuku baada yetu wataikuta.

Habari nyingine: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, iliyokuwa imesimamishwa mwaka jana, imerudi. Vijana wetu wanataka kuomba. Nimewashauri waombe kwa ajili ya karakana ya kutengeneza na kuuza ngoma na mavazi, siyo kwa ajili ya kazi ya shuleni. Karakana ikisimama, ndiyo itakayotengeneza ngoma za shule kwa bei tunayoiweza. Huo ni mguu wa pili.

Agosti

Jumamosi tarehe 10 tumeonyesha, mwaloni, siku tano kabla ya ziwa kufunguliwa. Vyombo vilikuwa vimepakwa lami upya, nyavu zimetandazwa. Shule zote tatu zilikuja. Hakukuwa na fulana. Watoto walivaa sare zao na kanga za mama zao, na hakuna aliyeuliza bango liko wapi.

Igizo lilikuwa la kaka na dada. Kaka yuko darasa la sita, anasinzia darasani kwa sababu usiku wa giza tajiri wa chombo humchukua ashike taa. Dada anakosa shule siku za mzigo kwa kuwa anaanika dagaa. Tulilisimamisha pale ambapo mwalimu anamwita mzazi, na mpiga ngoma akauliza waliokaa: sasa mzazi aseme nini?

Mama mmoja muuza dagaa aliinuka, akamsogeza mtoto aliyeigiza mama, akasimama mahali pake. Akamwambia "mwalimu" kwamba yeye hakatai shule, ila fedha ya uji inadaiwa kila mwezi taslimu, na yeye mwezi wa giza ana fedha, mbalamwezi ya mwisho hana, na tangu Mei hana kabisa, na mwanawe anaona aibu kusimama pembeni wenzake wakinywa. Watu wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu Mkuu wa kweli alikuwa amekaa safu ya pili. Alinyanyuka mwenyewe, akaingia uwanjani, akamwondoa mtoto aliyeigiza mwalimu, akajibu. Mjadala uliendelea hadi jua kuzama, mara nyingi kwa ukali, na matajiri wa vyombo nao walisemwa wazi mbele ya watoto.

Wiki hiyo hiyo kamati ya shule ilikaa na kuamua kwamba mzazi anaweza kutoa mchango wa uji kwa mahindi au soya, na kwa siku anazoweza. Uamuzi huo uko kwenye muhtasari wa kikao. Kuhusu watoto wanaopelekwa ziwani usiku hakuna kilichoamuliwa, zaidi ya kuahidi kukutana na viongozi wa mwalo. Tunalifuatilia.

Septemba

Darasa la saba wana mtihani wa taifa, shule zinataka utulivu. Tumefanya michoro kidogo tu. Ukuta wa shule moja unabambuka plasta, rangi haitashika, na fungu la plasta hatukuwa nalo. Ukuta huo unasubiri. Bibi mfinyanzi ameendelea na watoto wachache nyuma ya madarasa.

Oktoba

Taarifa ya mwisho imekwenda kwa mfadhili. Fomu inauliza idadi ya walionufaika, tumeijaza. Tumeambatanisha daftari la visa, andalio la mwalimu, muhtasari wa kikao cha kamati na hati za malipo zote. Kwenye sehemu ya mapendekezo tumeandika mambo matatu tu: maandalizi yawe na fungu lake, msanii alipwe kama fundi mwingine, na kalenda ya mradi ifuate ya wenyeji.

Shule moja imekubali kuingiza matengenezo ya ngoma kwenye mpango wake wa mwaka. Ni fedha ndogo, lakini ni mara ya kwanza neno ngoma linaingia kwenye karatasi hiyo. Kwa upande wa Manispaa, tunapeleka ombi la kifungu cha vifaa vya Sanaa na Michezo kupitia mikutano ya mitaa, kabla bajeti ya mwaka ujao haijaanza kuandaliwa. Mwenyekiti wa kamati ya Kibirizi, mvuvi yule wa mwezi, ndiye atakayelisoma mkutanoni. Tumemwomba asome yeye kwa sababu shule ni yake na ziwa ni lake. Vijana wa karakana wameshajaza fomu za mkopo.

Walimu wa shule ya nne wametuma barua wakitaka kuingia awamu ijayo. Tutakwenda kukaa nao kwanza, mbalamwezi ikianza.